Kubadilisha mota ya baiskeli ya umeme kwa ajili ya milima bila kumaliza betri njiani

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, ina kilomita kama 33, na ndani yake unapanda karibu mita 1,000. Baiskeli ya umeme ya kawaida, ile yenye mota ya wati 250 au 350 kwenye gurudumu la nyuma, iliyonunuliwa kwa matembezi ya Tanga mjini, ikifika kwenye kona za kuelekea Soni huanza kulia. Mwendo unashuka, mota inachemka, na mwenyewe anashuka kusukuma. Akirudi kwa fundi, jibu huwa tayari: weka mota ya wati 1,000. Anaweka, na safari hii betri inaisha kabla hajaiona Lushoto, halafu lawama zote zinaiangukia betri.

Mota kubwa haili betri kwa sababu ya ukubwa wake. Kinachokula betri ni uzito unaopandishwa, kimo unachopanda, mwendo unaokwenda nao, na joto linalopotea ndani ya mota inayozunguka polepole kuliko ilivyoundwa. Mota kubwa iliyofungwa vizuri inaweza hata kutumia umeme kidogo kuliko ndogo inayokabwa mlimani. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima. Nitatumia mlima huo wa Usambara kama mfano mwanzo hadi mwisho. Wewe weka namba za mlima wako.

Hatua ya 1: Pima mlima wenyewe

Chukua ubao ulionyooka wa urefu wa mita 1 na pimamaji. Laza ubao juu ya lami ukielekea mlimani, ncha ya juu iguse barabara, kisha nyanyua ncha ya chini mpaka kiputo cha pimamaji kitulie katikati. Pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya lami na ncha uliyoinyanyua. Sentimita 8 maana yake ni mwinuko wa asilimia 8. Sentimita 15 ni asilimia 15. Kwenye kona kali pima pale unapopita wewe, kwa sababu upande wa ndani wa kona huwa mkali kuliko upande wa nje. Dereva wa lori anayepanda na mzigo analijua hilo, ndiyo maana huitanua kona.

Unahitaji namba mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni mwinuko wa kipande kikali kuliko vyote. Ya pili ni jumla ya mita unazopanda tangu unapoanza hadi unapofika, ambayo simu yenye programu ya ramani itakupa. Kutoka Mombo hadi Lushoto wastani ni asilimia 3 tu, na ukiusikia hivyo utadhani ni mteremko wa watoto. Lakini wastani hauchagui mota. Mota inachaguliwa na kipande kikali. Betri inachaguliwa na jumla ya mita. Ukilishika hili umeshakwepa nusu ya makosa ya madukani.

Hatua ya 2: Pima uzito wote

Wewe, baiskeli, betri, begi, maji, mzigo. Usikisie, mizani ya mazao ipo kila soko. Mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 28 na vikorokoro vyake ni kilo 100. Akiongeza gunia dogo la kilo 30, ni 130. Watu wa Lushoto wana bahati moja: mboga na matunda yanashuka kwenda Mombo, na baiskeli inarudi juu ikiwa tupu. Kama mzigo wako ndio unaopanda, piga hesabu zote kwa uzito wa mzigo.

Hatua ya 3: Piga hesabu mbili

Hesabu ya nguvu ni hii: kilo, mara 9.8, mara mwinuko, mara mwendo kwa mita kwa sekunde. Kilo 100, mwinuko wa asilimia 10, mwendo wa kilomita 15 kwa saa (mita 4.2 kwa sekunde): 100 × 9.8 × 0.10 × 4.2, unapata wati 412. Ongeza kama 60 za matairi na upepo, jumla ni wati 470 zinazotakiwa kufika kwenye gurudumu. Mota na kontrola (kisanduku kinachopima umeme unaokwenda kwenye mota) hupoteza sehemu njiani, hivyo betri itatoa zaidi ya wati 600. Sasa unaona kwa nini mota ya 250 inalia.

Hesabu ya betri ni rahisi zaidi: kila kilo 100 zinazopanda mita 100 hula takribani wati-saa 40 za betri, ukishahesabu hasara za kawaida za mota. Kupanda mita 1,000 ni wati-saa 400. Matairi na upepo kwa kilomita 33 za mwendo wa taratibu vinaongeza kama 200. Jumla 600. Betri ya volti 48 na ampea-saa 13, ambayo ndiyo imeenea, ina 48 × 13 = wati-saa 624. Kwa maneno mengine unafika Lushoto betri ikiwa kavu, na hiyo ni betri mpya. (Kwa anayefikiria bili: kuijaza betri hiyo kunakula kama robo tatu ya uniti moja ya LUKU. Tatizo letu hapa ni umbali, gharama ni ndogo.)

Angalia tena hesabu hiyo ya pili. Hakuna mahali palipoandikwa ukubwa wa mota. Wati 350 au wati 1,000, mlima unadai umeme uleule.

Kilichomo ndani ya uwezo wako ni miguu. Mtu mzima mwenye afya akikanyaga kwa dhati anatoa kama wati 100 bila kuhema vibaya. Kwa saa mbili na ushee za kupanda, hizo zinaokoa karibu wati-saa 300 za betri, yaani nusu yake. Hakuna kifaa cha dukani kinachokupa nusu ya betri kwa bei ya chai na chapati mbili. Anayeweka mota kubwa na kuacha kukanyaga ndiye anayeona "mota mpya inakula betri".

Joto: mahali umeme unapopotelea

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo uamuzi wote ulipo.

Mota inasukuma kwa kupitisha ampea kwenye nyaya za shaba. Msukumo ukiongezeka mara mbili, ampea zinaongezeka mara mbili, na joto kwenye shaba linaongezeka mara nne. Kwenye mwinuko fulani, ukiwa na mota ya gurudumuni, msukumo unaohitajika ni uleule ukienda kilomita 8 au 20 kwa saa. Kwa hiyo joto linalotoka kila sekunde nalo ni lilelile. Tofauti ni muda. Chukua mota inayopoteza wati 150 kwa joto kwenye kipande hicho. Ukikipanda kwa kilomita 20 kwa saa, kila kilomita inachukua dakika 3 na unapoteza wati-saa 7.5. Kwa kilomita 8 kwa saa inachukua dakika 7 na nusu, unapoteza karibu 19. Mlima uleule, uzito uleule, hasara mara mbili na nusu, na joto lote hilo limejifungia ndani ya kasha la mota. Mwisho wake ni vihisio vya mzunguko kuungua, nyaya kuyeyuka kwenye ekseli, au gia za nailoni kulainika na kupoteza meno.

Kumbe dawa ya mlima ni kuiruhusu mota izunguke haraka huku gurudumu likienda polepole. Hiyo ni kazi ya gia, na wati zilizoandikwa kwenye kibandiko zinakuja nyuma yake.

Tahadhari ya upande wa pili: ukizidi kilomita 25 kwa saa, upepo unaanza kula zaidi ya ulichookoa, hasa kwenye vipande vya tambarare katikati ya safari. Kwa milima mirefu mwendo wa kilomita 12 hadi 18 kwa saa ndio unaolipa.

Hatua ya 4: Jaribu vya bei ndogo kwanza

Jaza upepo matairi mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Nyanyua kila gurudumu ulizungushe kwa mkono. Breki ikisugua utasikia, na beringi iliyokauka utaihisi. Kama baiskeli ina gia nyuma, badili seti ya nyuma uweke yenye gia kubwa ya meno 34, uweze kukanyaga kwa mwendo mdogo bila kukaza magoti. Wenye mota ya gurudumuni kwenye rimu ya inchi 26 wana njia nyingine: kufunga mota ileile kwenye rimu ya inchi 20 kunaongeza msukumo kwa karibu theluthi moja, na kasi ya juu inashuka kwa kiasi cha robo. Baiskeli inakuwa na sura ya kuchekesha, lakini inapanda.

Hatua ya 5: Chagua aina ya mota

*Mota ya gurudumuni yenye gia ndani.* Ni nyepesi, kilo 3 hadi 5, na ndani yake kuna gia ndogo, mara nyingi za nailoni, zinazoifanya izunguke karibu mara tano ya gurudumu. Kwa mtu wa peke yake na mwinuko wa asilimia 8 mpaka 10 inatosha, mradi uchague yenye mizunguko michache. Swali la kumuuliza muuzaji si wati. Muulize inazunguka mara ngapi kwa dakika ikiwa hewani kwa volti zako. Gurudumu la inchi 26 likizunguka mara moja linasogea mita 2.07. Mota ya mizunguko 200 itaishia kilomita 25 kwa saa. Ya mizunguko 330 itafika 41. Vijana wataitaka ya pili. Kwa mlima chukua ya kwanza, kwa sababu ukipanda kwa kilomita 15 bado itakuwa juu ya nusu ya kasi yake, na chini ya nusu ndipo ufanisi unapoporomoka. Muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo, mshukuru uondoke.

*Mota ya gurudumuni isiyo na gia.* Ni nzito, kimya, haina cha kusagika, na inaweza kurudisha umeme kidogo kwenye betri wakati wa kushuka. Kwa mlima mkali na mwendo mdogo ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo hasa inayouzwa kwa kibandiko cha "1000W". Inafaa milima mirefu isiyo mikali na watu wasiotaka kushika spana.

*Mota ya katikati, inayofungwa kwenye ekseli ya pedeli.* Hii inasukuma mnyororo, kwa hiyo inatumia gia za baiskeli kama miguu yako inavyozitumia. Za kampuni ya Bafang ya China ndizo zilizoenea: BBS02 ya wati 750 inatajwa kutoa 120 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na BBSHD ya wati 1,000 inatajwa 160 Nm. Weka namba hizo kwenye hesabu. Kilo 130 kwenye mwinuko wa asilimia 15 zinadai kama 67 Nm kwenye gurudumu la inchi 26. BBS02 ikiwa na meno 46 mbele na 34 nyuma inafikisha gurudumuni 120 × 34 ÷ 46, karibu 89 Nm. Inapita ikiwa na akiba, na bado inazunguka kwa kasi inayoipenda.

Gharama yake ni mnyororo na gia za nyuma, ambavyo vitaisha haraka zaidi. Achia kishikio cha mwendo kidogo kila unapobadili gia, la sivyo utasikia mlio unaofahamika na mnyororo utabaki barabarani nyuma yako. Kisha pima fremu kabla ya kuagiza: mota hizi kwa kawaida zinataka bomba la ekseli ya pedeli lenye upana wa milimita 68 hadi 73. Na kama una baiskeli ya Phoenix ya chuma isiyo na gia, usiiwekee mota ya katikati. Bila gia haina faida ya maana. Kwa fremu hiyo nenda kwenye mota ya gurudumuni ya mizunguko michache.

Ningekuwa nachagua kwa ajili ya Mombo–Lushoto na baiskeli ina gia, ningefunga ya katikati ya wati 750 na kuibana kwenye kontrola isizidi ampea 18. Ya wati 1,000 ningemwachia anayepandisha mzigo.

Hatua ya 6: Iulize betri kama itaweza

Ampea za kontrola mara volti ndizo wati zinazotoka kwenye betri: ampea 25 kwa volti 48 ni wati 1,200. Sasa soma kibandiko cha betri, au mwachie fundi anayejua afungue kasha asome bodi ya ulinzi, ile BMS inayoikata betri ikizidiwa. Ikiwa inaruhusu ampea 20 mfululizo, kontrola ya 25 itaizima betri katikati ya mlima, mara nyingi penye kona.

Kuna dalili moja inayowadanganya wengi. Baiskeli inazima mlimani, unasukuma mpaka tambarare, unawasha, inawaka na kuonyesha pau mbili. Betri haijaisha. Ampea nyingi zimezivuta volti chini mpaka kontrola ikadhani imeisha. Seli zilizochoka, hasa zile zilizotolewa kwenye kompyuta za zamani, hufanya hivi mapema sana. Betri ya seli 65, yaani 13 kwa mfululizo na 5 sambamba, ikitoa ampea 25, kila seli inabeba 5. Seli nyingi za kompyuta hazikuundwa kwa kazi hiyo kwa dakika nyingi mfululizo.

Kwa hiyo pesa ikitosha kitu kimoja, mara nyingi ni bora kuongeza ampea-saa za betri kuliko wati za mota. Betri ya ampea-saa 20 inakupa umbali, na pia kila seli inapumzika. Kupandisha volti kutoka 48 kwenda 52 kunaongeza kasi zaidi kuliko nguvu ya kupanda, na betri ya 52 ikijaa inafika volti 58.8, kama kapasita za kontrola yako zimeandikwa 63V utakuwa umebakiza nafasi ndogo sana.

Usiirukie bodi ya ulinzi kwa waya ili "isizime". Hiyo ndiyo njia ya kuchoma nyumba.

Hatua ya 7: Kufunga

Mota ya gurudumuni yenye nguvu inajaribu kuizungusha ekseli yake ndani ya fremu. Ikifaulu, inatoka na kukata nyaya zote kwa pamoja. Funga mkono wa chuma wa kuizuia ekseli, ikiwezekana pande zote mbili, na hakikisha washa (pete bapa) yenye ulimi imeingia kwenye mpasuo wa fremu kabla ya kukaza nati. Mota ya nguvu usiifunge mbele kwenye uma wa alumini. Unapasuka bila kuonya.

Nyaya kutoka betri hadi kontrola ziwe nene, viunganishi viwe vya XT60 au XT90, na fyuzi iwe karibu na betri. Waya unaoingia kwenye ekseli uache uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kuingia, ili mvua idondokee pale badala ya kufuata waya mpaka ndani ya mota. Usambara mvua haibishi hodi, na mota nyingi huingiwa na maji kupitia tundu hilo.

Breki za kukata umeme (zinazozima mota ukizibana) zifungwe na zijaribiwe gurudumu likiwa hewani. Fundi akikwambia hazina umuhimu, mlipe aliyokwisha fanya umalizie kwingine.

Hatua ya 8: Jaribio na marekebisho

Weka mita ya wati kati ya betri na kontrola. Panda kilomita 1 ya kipande kikali ukikanyaga, simama, soma wati-saa zilizotumika, kisha gusa kasha la mota. Kama huwezi kuuacha mkono hapo kwa sekunde 3, nje pamevuka nyuzi 60 na ndani ni zaidi ya hapo. Punguza ampea kwenye kontrola au badili gia, pumzika, rudia. Linganisha wati-saa ulizotumia na hesabu ya hatua ya 3. Zikizidi sana, kuna breki inasugua au mota inazunguka chini ya kasi yake.

Na kushuka je?

Kilo 130 zikishuka mita 1,000 zinaachia zaidi ya wati-saa 350, na sehemu kubwa ya hizo inaishia kwenye breki. Raba za kusugua rimu hazitoshi kwa kona za Soni ukiwa na mzigo. Weka diski, na ya mbele iwe kubwa zaidi. Bana kwa vipindi, mbele na nyuma kwa zamu, zipate kupoa.

Wenye mota isiyo na gia wanaoweza kurudisha umeme wasitarajie miujiza, ila faida ya breki kupumzika ni kubwa. Lakini anayeishi Lushoto na kuchaji usiku akajaza asilimia 100, akaanza kushuka asubuhi, betri haina nafasi ya kupokea: bodi ya ulinzi inakata, na breki ile ya umeme inatoweka ghafla mteremkoni. Mtu wa juu achaji mpaka asilimia 80 tu siku anayoshuka. Wa Mombo hana shida hiyo, kwa sababu anafika juu betri ikiwa na nafasi tele.

Baada ya kilomita 100 za kwanza kaza upya nati za ekseli na upite spoki moja moja kwa vidole. Mota mpya huzilegeza. Baada ya hapo angalia mnyororo kila mwezi, na ukiubadilisha, angalia pia meno ya gia ya nyuma unayopandia mara nyingi. Mnyororo mpya kwenye meno yaliyolika utaruka mlimani siku ya kwanza.